Kisigino cha Fundi

Hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo yenye meno.
Za mchana zinabweka tu.
Nashuka kitandani, hapa Ujiji, adhana haijaisha,
natafuta sakafu kwa kidole gumba
kama mtoto anayepima ubaridi wa ziwa,
na kisigino kinaniuliza: wewe tena?

Miaka ishirini na sita nakanyaga cherehani.
Kanzu za Idi, sare za shule, magauni ya harusi
zilizofungwa na zilizovunjika kabla ya pindo.
Kwa hesabu yangu nimeshatembea hadi Dodoma nikarudi
bila kutoka kwenye kibaraza cha Mzee Kashindi.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi, kijana wa Kasulu,
Ntahondi kwa jina, vidole kama koleo,
alinibonyeza unyayo hadi nikamtaja marehemu mama.
"Chini ya mguu kuna utando," akasema, "mfano wa mkanda.
Wako umechoka kuvutwa."
Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia.
Mkanda wa cherehani nao huanza kulia
siku nyingi kabla ya kukatika.
"Hii ni subira ya miezi," akaniambia, "si ya siku.
Na tafuta viatu vyenye soli laini."
Sote wawili tukazitazama ndala zangu.

Akanifundisha kusukuma ukuta.
Basi kila alfajiri nausukuma ukuta wa nyumba ya kupanga,
goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka,
na Mwavita wa chumba cha pili, ndoo mkononi,
huniuliza kama kodi imenishinda
hadi nataka kuihamisha nyumba.

Shemeji alileta habari za sindano za Kichina.
Nikamwambia sindano nazijua tabia,
tumeishi nazo vidoleni, zisihamie miguuni.
Bihimana, muuza barafu za ukwaju, hunigandishia chupa ya maji.
Namlipa mia mbili kwa barafu nisiyoila,
naikanyaga, naiviringisha, mguu unakufa ganzi,
na kwa robo saa mimi ni mtu asiye na kisigino.

Kisha Bi Tausi.
Mikono ile imekanda matumbo ya nusu ya mtaa,
imewageuza watoto waliokaa vibaya
na sasa wengine ni madereva.
Akapasha mawese vuguvugu, akaushika mguu wangu mapajani:
"Huu haulazimishwi, mwanangu. Unashawishiwa."
Akaushawishi hadi nikasinzia.
Kesho yake pindo la kanzu nyeupe ya mteja
liliteleza likaangukia unyayo wangu.
Mawese hayana siri.
Nikalipa mita tatu za kitambaa,
na tangu hapo nakandwa usiku tu.

Ukiniuliza kipi kimenifaa, sijui.
Labda ukuta. Labda barafu.
Labda ni kule kushikwa mguu na mtu
asiyekudai nguo.
Mchana wateja wakiadimika navua ndala,
naviringisha reli tupu ya uzi chini ya unyayo,
mbele na nyuma, mbele na nyuma,
safari isiyoshona kitu.
Meno ya asubuhi bado yapo, ila mawili yamelegea.

Nimepima watu tangu ujana, bega hadi kisigino,
nikaandika namba kwa chaki, nikasema inatosha.
Sikuwahi kukiuliza kisigino kimeamkaje.
Jana alikuja Mwalimu Nyabenda kuchukua sketi,
akapanda kibaraza kwa ncha za vidole,
akasema ni uchovu tu, watoto ni tisini darasani.
"Asubuhi," nikamuuliza, "ile hatua ya kwanza?"
Akanitazama kama mtu aliyesomewa barua yake.

Nikamwonyesha.
Akaweka chini madaftari, akabandika viganja ukutani,
mimi kando yake, futi ya kupimia shingoni,
sokoni watu wakapunguza mwendo.
Tukahesabu hadi thelathini, tukabadili miguu.
Ukuta haukusogea.
Na kanzu ya Ijumaa, pale mezani,
ilikuwa bado haina mikono.